Mashahidi Watatu wa Shoti

Mashahidi watatu walikuwa wamesema neno moja, na hilo lilimtosha mkuu wa kituo. Alitaka faili lifungwe kabla ya jioni.

"Shoti," alisema, akigonga jalada kwa kidole. "Mshonaji kasema shoti. Muuza simu kasema shoti. Mwenye mali kasema shoti. Unataka nani mwingine, Inspekta? Umeme wenyewe uje utoe maelezo?"

Inspekta alikuwa amesimama, kwa kuwa kiti cha wageni kilikuwa kimebeba boksi la karatasi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kituoni walimwita Bi Maana, kwa sababu ya swali lake.

"Maana yake nini, afande?"

"Maana ya nini?"

"Ya shoti."

Mkuu alimtazama kama mtu aliyeulizwa maana ya maji. "Shoti ni shoti!"

Bi Maana aliuma meno. Neno hili lilimkera tangu siku ya kwanza ya kazi yake. Kwa wenyewe Waingereza lilianza likiwa "fupi" tu, na hata wao wamelitumikisha mpaka likachoka. Lilipofika huku likakosa mwenyewe, kila mtu akaliajiri. Droo ya duka isipotimia, karani kapata shoti. Nyaya zikigusana, shoti. Mtu akikatiza uwanja wa jirani, kapita shoti. Na polisi wakichoka kuuliza, jengo limeungua kwa shoti, yaani Mungu kapenda, twendeni nyumbani. Masoko, mabweni, maghala, yote yalikuwa yameandikwa neno hilo katika mafaili ya chumba cha pili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya hakimu.

Safari hii angesimama mtu, na hicho ndicho kilichozidi kumchoma. Jumamosi usiku dobi la mashine, jengo la kufulia nguo la mtaa wa nyuma, liliungua, na mlinzi wake, mzee wa watu, akafia ndani. Siku mbili kabla ya hapo fundi umeme alikuwa amebadilisha meni swichi, ile swichi kuu ya jengo. Sasa fundi alikuwa selo, na kesho asubuhi angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

"Nipe mpaka jioni," alisema.

"Jioni nasaini mwenyewe," alijibu mkuu. "Kwa kalamu yangu."

Nje, kwenye benchi la ukumbini, walikuwa wameketi wanawake wawili. Mmoja alikuwa mke wa fundi, mwenye chupa ya chai mapajani ambayo askari wa zamu alikuwa amekataa kuipokea. Mwingine, aliyejifunga kanga ya msiba, alikuwa binti wa mlinzi. Walikuwa wamekaa ncha na ncha, na binti alikuwa amempa mwenzake mgongo.

"Huyu mume wake kamchoma baba yangu," alisema binti, bila kuulizwa, Bi Maana alipokuwa akipita.

"Nani kakwambia, mwanangu?"

"Kila mtu. Wanasema shoti."

Bi Maana alishikwa na hasira mpya, akamwita koplo wake kwa sauti iliyomfanya askari wa zamu anyanyuke bila sababu.

*

Koplo alikuwa jitu la maneno mengi. Njiani alisema, "Afande, kwangu mama mkwe akishuka bila taarifa, mke wangu ananipigia simu: leo kuna shoti."

"Na yeye utamweka kwenye faili?"

"Huyo angefaa kuwa shahidi wa nne."

Mshonaji alikuwa na kibanda kinachotazamana na dirisha la dobi. Alikuwa akitia bitana kwenye koti, na hakuacha cherehani yake mpaka Koplo alipoweka kiganja juu ya kitambaa.

"Mama, niliisikia shoti kwa masikio yangu haya," alisema. "Paa! Halafu chwarara!"

"Kabla ya kusikia, uliona nini?"

"Moshi. Ulishajaa dirishani, ndio maana nikatoka nje."

"Moshi kwanza, mlio baadaye."

"Ndiyo."

"Na hivi ni nini?" Bi Maana alionyesha kwa mguu rundo la vioo vilivyofagiliwa ukutani, chini ya dirisha lile.

Mshonaji alivitazama muda. Akakuna kichwa kwa bizimu ya koti. "Aa. Inawezekana kikawa kioo."

"Mbona kwenye maelezo umesema shoti?"

"Askari aliniuliza, 'Ulisikia shoti?' Mimi nani, nimwambie askari hapana?"

Koplo alijikohoza. Bi Maana hakumgeukia, lakini alijua Koplo anakumbuka vizuri ni askari gani aliyechukua maelezo yale.

Muuza simu alikuwa jirani wa pili, kijana mwenye meza iliyojaa chaja na vifuniko vya simu. Yeye alikuwa ameandikwa kwamba "aliona shoti".

"Uliionaje?"

"Jengo zima, afande. Giza tii. Limepigwa shoti, hata taa ya mlangoni hakuna."

"Giza hilo lilianza lini?"

"Lilianza?" Alishangaa. "Si pale tajiri alipofunga. Kila jioni ndiyo hivyo. Akifunga anazima umeme wote, mpaka wa mlinzi. Mzee wa watu alikuwa ananiletea tochi yake niichaji, anaichukua kabla dobi halijafungwa."

"Kwa hiyo jengo lilikuwa giza kabla moto haujaonekana."

"Kitambo kabisa. Tochi yenyewe hii hapa." Aliitoa chini ya meza, tochi ndogo ya bluu iliyozungushiwa utepe kwenye shingo. "Siku ile tajiri alifunga mapema, mzee hakuwahi kuichukua. Imejaa chaji mpaka leo."

Bi Maana aliishika. Toka kibanda hiki mpaka mlango wa dobi ilikuwa barabara moja nyembamba, ya kuvuka ukiwa unapiga miayo.

"Kwa nini hakuvuka kuja kuichukua?"

Muuza simu alianza kupanga chaja zilizokuwa zimeshapangwa. "Angevukaje, afande?"

"Maana yake nini?"

"Kamuulize mwenye kufuli."

Walipotoka, Bi Maana aliitia tochi kwenye mfuko wa vielelezo. Mmoja alisikia kioo, wa pili aliona giza la kila siku. Wote wawili walikuwa wamekubaliana kwa neno na hawakukubaliana kwa chochote kingine, na juu ya makubaliano hayo mtu alikuwa analala kwenye sakafu ya saruji.

*

Mwenye dobi aliwasubiri mlangoni. Wafanyakazi wake walimwita Tajiri, naye alilipenda jina hilo kiasi cha kuliitikia. Shati lake lilikuwa jeupe pe, jambo la ajabu kwa mtu aliyesimama katikati ya masizi.

"Kufuli langu mtanirudishia lini?" lilikuwa ndilo neno lake la kwanza. "Zimamoto wamenikatia mnyororo, sawa, tumwachie Mungu. Lakini kufuli ni zima, na ni zito lile, halipatikani siku hizi."

"Liko kituoni. Utalipata," alisema Bi Maana. "Pole kwa msiba."

"Msiba gani? Ah, mzee. Ndiyo, tumempoteza."

Mlango wa dobi ulikuwa geti la chuma lenye tundu la mkono kando ya komeo, ili mtu aweze kufunga mnyororo akiwa upande wowote. Bi Maana alipitisha mkono wake tunduni, akatoa, akapitisha tena.

"Mzee alilala ndani?"

"Alijifungia mwenyewe, kupitia hapo hapo. Ufunguo alikuwa nao yeye, mmoja tu. Mimi mwenyewe sina." Alipiga mfuko wake kuonyesha utupu, na kitu ndani kikalia. "Moto ulipotokea angefungua atoke. Nadhani alipaniki. Uzee, mnajua."

Bi Maana aliandika. Katika vitu vilivyoletwa kutoka chumba cha maiti hapakuwa na ufunguo, lakini ufunguo ni kitu kidogo na majivu yalikuwa mengi. Ilikuwa kauli ya tajiri dhidi ya ukimya wa marehemu, na mahakamani marehemu huwa hashindi. Aliamua kuanza na umeme.

"Nimesikia wewe ni mtu wa taratibu," alisema.

Tajiri alinyooka. "Sana. Muulize yeyote."

"Kwamba hata ukifunga huachi mambo kienyeji."

"Kila jioni, meni swichi naizima kwa mkono huu. Sitaki mtu achezee mashine zangu usiku. Hata balbu siachi."

"Na Jumamosi?"

"Kama kawaida!"

"Basi shoti ilipita wapi?"

Tajiri alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Umeme una mambo yake, mama. Ukizima, unabaki kidogo kwenye nyaya."

"Kama maji kwenye bomba."

"Naam! Kama maji kwenye bomba."

Koplo aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtikisika.

Sanduku la meni swichi lilikuwa ukutani karibu na mlango, mbali na moto. Bi Maana alilifungua kwa kalamu. Swichi ya aina ile ikijikata yenyewe, kipini chake husimama katikati. Ikizimwa kwa mkono hulala chini kabisa. Kipini kilikuwa kimelala chini, kisafi, bila hata alama ya kuungua, na nyaya za fundi zilikuwa zimekazwa na kufungwa vizuri.

"Piga picha," alimwambia Koplo. "Karibu. Na nyingine."

"Basi itakuwa mzee," alisema Tajiri haraka. "Sigara. Nilimkataza mara ngapi!"

Dakika moja tu, na neno la siku tatu lilikuwa limekufa. Bi Maana aliona jinsi mtu yule alivyolitupa bila majuto, akaokota jingine, na safari hii akalibandika kwa maiti. Alitamani kumnasa kibao. Badala yake akauliza, "Chumba kilichoungua zaidi ni kipi?"

*

Chumba cha kukunjia kilikuwa nyuma, na kati yake na geti palikuwa na chumba cha mashine chote. Mlinzi alikutwa getini, mkono wake mmoja ukiwa tunduni. Mtu anayeanguka na sigara yake huanguka ilipo sigara. Huyu alikuwa amekuja mbio kutafuta mlango.

Meza ndefu ya mbao ilikuwa imebaki nusu. Upande ulioungua ulikuwa mkaa mtupu. Upande mwingine bati la dari lilikuwa limeanguka na kuifunika, na chini ya bati Bi Maana aliona rundo la mataulo yaliyokunjwa, yaliyorowa maji ya zimamoto, juu yake pakiwa na ubao mzito. Kwa nje yalikuwa meupe.

"Shika ubao huo. Taratibu."

Alianza kuyatoa moja moja. La kwanza jeupe. La pili jeupe. La tano lilikuwa na doa la rangi ya chai. La saba lilikuwa la kahawia, na alipofika katikati ya rundo kitambaa kilimvunjikia mkononi kikawa makaa. Aliendelea mpaka chini: kahawia tena, kisha chai, kisha jeupe.

Koplo aliacha utani. "Afande, hili limeunguaje katikati na nje zima?"

"Moto wa kuletwa huanza na ngozi," alisema Bi Maana. "Huu umeanza na moyo. Hapakuwa na waya humu, wala kiberiti." Alinusa kipande. Chini ya harufu ya moshi palikuwa na nyingine, ya mafuta yaliyochacha. "Nani anakunja mataulo hapa?"

Walimkuta mkunjaji kwake, akifua nguo za watoto wake kwa mkono. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Mikunjo hata na mama yake mzazi. Aliposikia polisi alikausha mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Siku ya Jumamosi mlikunja mataulo ya nani?"

"Ya jumba la masaji, dada. Mteja mpya. Yanakuja na mafuta ya kukandia, ukiyafua mara tatu bado yananuka."

"Nieleze mnavyofanya. Tangu yanapotoka kwenye maji."

"Yanaingia mashine ya kukaushia. Zamani mwishoni mashine ilikuwa inapuliza hewa baridi, halafu tunayatandaza kwenye vikapu yapoe. Tajiri akasema tunapoteza muda. Sasa tunayatoa ya moto hivyo hivyo, tunakunja, tunapanga, tunaweka ubao juu. Yanalala yenyewe, huna haja ya pasi. Tunaita pasi ya ubao."

"Yakae mpaka lini?"

"Mpaka kesho yake. Ukiyatoa asubuhi yamenyooka kama karatasi." Kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake, kisha ikazimika. "Wiki ile nyingine nilitia mkono katikati nikaungua. Ona." Kwenye kiganja palikuwa na ngozi iliyobabuka. "Asubuhi! Yamelala usiku kucha na bado ya moto. Na ya katikati yamekuwa kahawia. Nikamwonyesha Tajiri."

"Akasema nini?"

"Akasema shoti. Akamwita fundi."

Bi Maana alifunga daftari. Kwa hiyo Tajiri alikuwa ameonywa. Alikuwa ameshikishwa taulo lililoungua kwa ndani na mwanamke mwenye kiganja kilichobabuka, akatafuta neno la kulifunikia, na neno hilo ndilo lililomleta fundi kwenye jengo lile.

"Mataulo machafu ya jumba hilo bado yapo?"

"Mzigo mmoja haukufika dobi. Uko kwao."

"Unaweza kunifanyia kazi yako leo, kama unavyoifanya kila siku? Nakuazimia mashine kwa dobi mwingine."

Mikunjo alimtazama kwa mashaka. "Nitafungwa?"

"Kwa kukunja? Wewe kunja tu, mdogo wangu."

*

Kabla ya adhuhuri rundo lilikuwa katikati ya uwanja wa kituo, juu ya meza kuukuu, ubao umekandamiza juu. Mikunjo alikuwa ameyafua, akayakausha, na kuyapanga yakiwa ya moto kiasi cha kumfanya apulize vidole. Bi Maana alimweka askari mmoja alilinde, na ndoo mbili za maji kando. Askari waliokuwa wakipita waliuliza kama kituo kimefungua biashara.

Bi Maana alishuka selo. Fundi alikuwa ameketi chini, viatu bila kamba, mikono yake mikubwa ikiwa haina kazi.

"Tajiri alikuitia nini?"

"Alisema kuna shoti chumba cha kukunjia. Nikapima kila waya, mama. Nikamwambia, chumba hiki hakina hata soketi inayofanya kazi, sioni tatizo. Akasema badilisha meni swichi tuwe na amani. Nikabadilisha."

"Mbona hukusema haya?"

"Nilisema. Yule aliyekuwa anaandika aliniuliza, 'Uligusa umeme au hukugusa?' Nikasema niligusa. Akaandika hilo."

Bi Maana alimwambia atampelekea chai ya mke wake, na aliipeleka mwenyewe, akipita mbele ya askari wa zamu bila kumsalimu.

Jua lilipoanza kulegea, alimwita mkuu, akamwita na Tajiri. Binti wa mlinzi na mke wa fundi walisogea ukutani, kila mmoja upande wake. Mikunjo alisimama nyuma ya Koplo, akijificha kwenye ukubwa wake.

"Tunatazama nini?" aliuliza mkuu. "Nguo?"

"Kuna waya wowote hapa, afande?"

"Sioni."

"Kuna mtu anavuta sigara?"

"Inspekta, nina kazi."

"Nusa kidogo."

Mkuu alinusa. Kila mtu akanusa. Harufu ilikuwa imeanza kitambo, kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Kisha, kutoka ubavuni mwa rundo, chini ya ubao, uzi mwembamba wa moshi ulitoka, ukapotea, ukarudi mnene zaidi. Bi Maana alimwashiria Koplo, naye akainua ubao na kuligawanya rundo kwa fimbo. Hewa ilipoingia, taulo la katikati liliwaka moto mwekundu mbele yao wote. Ndoo ya kwanza haikutosha. Ilibidi wamwage ya pili.

Mkuu alikuwa amerudi nyuma hatua kadhaa, kofia mkononi.

"Mafuta yakibaki kwenye kitambaa, yakapashwa, yakabanwa yasipate kupoa, yanazidi kujipasha yenyewe," alisema Bi Maana. "Mwenye dobi alionyeshwa wiki moja kabla. Alijua kuna kinachoungua ndani ya marundo yake. Hakutaka vikapu virudi, kwa sababu vikapu vinachelewesha mzigo."

"Mimi si mtaalamu wa mafuta!" Tajiri alipayuka. "Na wala sikumuua mtu. Mzee alikuwa na ufunguo! Kama angetaka kutoka angetoka!"

"Muongo!" Binti alikuwa amejitoa ukutani. "Baba hakuwahi kuwa na ufunguo! Tulimletea dawa tukampa kupitia tunduni, kama mfungwa!"

"Mtoto ana uchungu," Tajiri alimwambia mkuu, akishusha sauti. "Tumsamehe. Atathibitisha vipi?"

Na kweli, asingeweza. Mkuu alimtazama Bi Maana, na machoni mwake mlikuwa na swali lile lile. Bi Maana alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya karani aliyechoka.

"Hilo tuliache kwanza. Bwana, ulikuwa unadai mali yako. Koplo, lete."

Koplo alileta bahasha ngumu, akamwaga juu ya meza iliyorowa mnyororo uliokatwa na kufuli zito la shaba nyeusi, ambalo bado lilikuwa limeuma pingili mbili za mnyororo.

"Ni lako hili?"

"Langu." Tajiri alilivuta karibu na kulipangusa kwa kiganja, akikagua kama limechubuka.

"Chukua kufuli, basi. Mnyororo siwezi kukupa, ni kielelezo. Sijui tu tutavitenganishaje. Koplo, kalete msumeno ulikate."

"Ulikate!" Tajiri alilikumbatia kufuli. "Mna wazimu? Kufuli kama hili?"

Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. Ulitoka na bunda la funguo, ukachagua mmoja bila macho kuusaidia, ukauingiza na kuuzungusha. Kufuli likafunguka kwa mlio mdogo, na zile pingili mbili zikaanguka mezani.

Alikuwa anatabasamu bado alipoinua uso. Kisha akaona jinsi wanavyomtazama.

"Ufunguo ulikuwa mmoja tu," alisema Bi Maana. "Umesema mwenyewe, nimeandika. Na mzee hakuwa nao."

"Ni kwa usalama wake..." alianza Tajiri. "Walinzi wanatoroka. Wanaiba mashuka..."

"Funga mdomo!" Bi Maana alifoka, na hasira aliyoimeza kutwa nzima ikatoka yote. "Mtu amekufa mkono wake ukiwa nje na mwili ndani! Anashika kufuli lako gizani, na wewe umelala na ufunguo mfukoni! Asubuhi yake ukaja hapa ukaandikisha shoti!"

Mkuu wa kituo alivaa kofia yake. Alionekana kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono. "Koplo," alisema mwishowe, "mtoe fundi. Huyu mpeleke ndani." Halafu akatoa jalada kwapani, akafungua ukurasa wa kwanza, na kusita juu ya mstari ambao alikuwa ameshaujaza kwa kalamu yake, bado saini tu. "Hapa chanzo cha kifo. Tuandike nini sasa? Maana kitaalamu..."

Alimtazama Bi Maana. Bi Maana hakujibu. Alikuwa ametoa ile tochi ya bluu kwenye mfuko wa vielelezo, akaishika mbele ya binti ili aitambue. Binti aligusa utepe wa shingoni, ule alioufunga yeye mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha Bi Maana akamgeukia mkuu.

"Andika alifungiwa," alisema.

Mkuu alilikata lile neno la zamani, akaandika.